Bi Ngapi na Fomu Saba

Mawifi si watu wa kusifiana, kila mtu anajua. Siku kaka yangu alipomleta huyu mwanamke nyumbani nilimtazama kuanzia nywele hadi kisigino, nikasema moyoni, huyu hatutawezana. Alikula, akasaidia kuosha vyombo, kisha akaniuliza zahanati ninayofanyia kazi ina vitanda vingapi. Sita, nikamjibu. "Na wanaolala chini ni wangapi?" Sikuwahi kuwahesabu, na niliudhika kuumbuliwa na mchumba wa kaka. Leo, miaka kumi na moja baadaye, ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika ukoo, hata kuliko mama, ila mama asinisikie.

Kazini wanamwita Bi Ngapi, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Kazi yenyewe ni ya ajabu kidogo. Kuna taasisi saba zinazosaidia zahanati za upande wetu, na zimeunda baraza ili zishirikiane badala ya kila moja kuja kivyake. Yeye ameajiriwa na baraza hilo kufuatilia kama ushirikiano unasonga mbele au ni maneno matupu. Ana chumba ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofunguka na ubao mweupe ukutani. Kila robo ya mwaka ina safu yake kwenye ubao, na kila safu hupakwa rangi: nyekundu tumekwama, njano tunajikongoja, kijani tunakwenda.

Waliomtangulia walihesabu vikao. Vikao kumi na vinne, kijani. Makubaliano matatu yametiwa saini, kijani. Kila kikao mwenyekiti alisema kidole kimoja hakivunji chawa, na nina hakika chawa wenyewe walishazeeka wakisubiri kidole cha pili. Bi Ngapi alipoingia alifuta yote hayo, akabaki na kipimo kimoja. Kila robo anawapigia simu wauguzi wakuu wa zahanati kumi na mbili na kuwauliza, "Safari hii umewaeleza wafadhili jambo lilelile mara ngapi?" Wakishirikiana kweli, tutaeleza mara moja.

Mimi ni mmoja wa hao kumi na wawili, na jibu langu siku zote lilikuwa saba. Taasisi saba, fomu saba. Moja inataka watoto wa chini ya miaka mitano, nyingine chini ya sita, ya tatu inataka umri kwa miezi. Watoto ni walewale na kikohozi ni kilekile, lakini kila mwisho wa robo nafunga chumba cha sindano siku tatu nzima nikiwahesabu upya, huku akina mama wakisubiri kwenye benchi.

Mwaka jana ubao ulikaa mwekundu robo tatu mfululizo. Baadhi ya wanachama wakaanza kunung'unika: kama ufuatiliaji hauonyeshi matunda, mfuatiliaji wa nini? Haya niliambiwa na kaka. Mkataba wa wifi ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili, na rangi isipobadilika usingesainiwa tena. Kaka mwenyewe alikuwa nyumbani na mgongo mbovu, hivyo nyumba yote ilimtegemea mkewe.

Kwa hiyo aliponipigia robo ya mwisho, nilidanganya.

"Wifi, safari hii mara ngapi?"

"Mbili."

Akarudia, "Mbili?"

"Wamejirekebisha," nikasema. Nilikuwa nimeshawapigia wenzangu watano, nao wakakubali kusema mbili au tatu. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, nikijiona dada wa maana.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa zahanati yangu, viatu vimejaa vumbi.

"Nakala za fomu ziko wapi?"

Hata salamu hakutoa. Alizitandaza kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, akazihesabu kwa kidole. Saba.

"Wifi, unaniokoa au unanizika?"

"Nakusaidia. Watakufukuza."

"Wakinifukuza kwa saba, nitatafuta kazi nyingine. Wakinibakiza kwa mbili, nyie mtajaza makaratasi haya mpaka mstaafu, na hakuna atakayejua." Akazikusanya. "Mkunga mzima wewe, ni wa kuambiwa na mimi kwamba mficha uchi hazai?"

Niliona aibu, halafu nikamkasirikia kwa kunifanya nione aibu. Aliniomba fomu tupu za kila taasisi, nikampa bila kumtazama usoni. Wale wenzangu watano, ambao namba zao nazo zilishuka ghafla, aliwapitia mmoja mmoja kwa siku mbili.

Ya kikao cha baraza nilisimuliwa na mwandishi wao wa kumbukumbu, maana wifi si mtu wa kujisimulia. Alisimama akapaka safu ya mwisho nyekundu mbele yao. Akasema kwamba namba za kwanza alizopewa hazikuwa za kweli, na kwamba amerudi kuhesabu mwenyewe. Kisha akampa kila mkurugenzi wa zile taasisi saba fomu ya taasisi ya jirani yake na nakala ya daftari la wagonjwa la siku moja, akawaomba wajaze. Aliwapa nusu saa. Mmoja akauliza "mnufaika wa ngazi ya pili" ni nani. Mwenye fomu akajikuna kichwa, naye hakujua. Mwenyekiti aliweka kalamu chini kwenye ukurasa wa nne, na kurasa zilikuwa kumi na tisa. Habari ya chawa haikutajwa.

Siku mbili baadaye mwenyekiti alinipigia simu. Alisema anazungumza na wauguzi wakuu wote. "Ripoti inasema wapo waliotaja namba isiyo ya kweli, lakini haisemi ni nani."

Wifi hakunitaja. Ningeweza kukaa kimya na maisha yakaendelea.

"Kwangu ni saba," nikasema. "Ile mbili niliisema mimi, na wenzangu niliwashawishi mimi. Mfuatiliaji wenu ni wifi yangu. Niliogopa mtamfukuza."

Mwenyekiti akakiri, "Tulikuwa tumeshaamua hivyo, kabla ya kikao. Lakini jana tumesaini mkataba wake mpya." Nikasikia akifunua karatasi. "Sasa niambie, sista. Tukianza kufuta fomu, tuanze na ipi?"

Miaka kumi na minne wafadhili wameniuliza umri, uzito, urefu, idadi ya vyoo na rangi ya mapazia. Hilo sikuwahi kuulizwa. Nilivuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.