Spika za Kiti cha Nyuma

Gari langu lilitoka Japani na redio yake, na redio hiyo haikuwahi kukubali kwamba imehama. Kila nilipowasha gari, sauti ya mwanamke ilinisalimu kwa Kijapani, kwa adabu nyingi, kisha ikanyamaza. Masafa yake yaliishia pale ambapo stesheni zetu nyingi zinaanzia. Nikiwa Busia mjini nilishika stesheni moja tu ya ng'ambo, ya Kiganda, nayo ilianza kukwaruza hata kabla sijafika Alupe. Spika za milango ya nyuma zilikuwa zimechanika, zikikoroma kama mtu mwenye mafua. Sikujali. Kazi yangu ni kuuza maturubai na kamba kwa madereva wa malori, na kutwa nzima masikio yangu yamejaa injini na honi. Ndani ya gari nilitaka kimya.

Nilikipenda kimya hicho mpaka siku nilipolazimika kukigawana na mama mkwe wangu.

Alikuwa ameteleza akishuka mtoni, huko kwake Moding, akavunjika mfupa wa paja. Baada ya upasuaji akaambiwa awe anakuja hospitali Busia kila wiki kunyooshwa mguu. Mwanzoni tulikuwa tunamfuata mimi na mke wangu. Wao wawili wanakaa nyuma wakizungumza Kiteso, mimi naendesha. Kisha mke wangu akapata kazi ya kufundisha chekechea, na siku ya kliniki ikawa siku ya kazi. Pikipiki mguu ule usingeiweza. Kukodi teksi kila wiki nako kungetumaliza. Nikabaki mimi.

Asiyejua mila zetu ataona hilo ni jambo dogo. Mimi ni Msamia, mke wangu ni Mteso, na pande zote mbili mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Sio uadui. Ni heshima, na mtu anaibeba kwa uangalifu kama anavyobeba chungu kilichojaa. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijamwambia mama yule neno lolote lisilopitia kwa mtu mwingine.

Mke wangu alikwenda kuliongea. Mama akawauliza akina mama wenzake wa kanisani, akafikiri siku kadhaa, ndipo jibu likaja: "Amesema ni sawa. Lakini yeye nyuma, wewe mbele, na kila mtu aangalie kwake."

Safari ya kwanza hatukusema kitu. Alikaa nyuma upande wa kushoto, kitambaa kimeshuka mpaka karibu na macho, fimbo kati ya magoti. Nilikigeuza kioo cha ndani kiangalie juu ili nisimwone. Tulipopita Adungosi alikohoa. Akakohoa tena. Nilijiuliza kama anaumwa, kama nimekimbiza gari, kama kuna baridi, na sikuwa na njia ya kumuuliza. Nilipunguza mwendo tu. Jioni mke wangu alinipokea mlangoni amekunja uso.

"Mama alitaka kushuka ajisaidie. Amejibana mpaka hospitali."

"Angesema!"

"Angesema vipi? Na wewe ungeuliza vipi?" Kisha akasema, "Weka hata redio. Mtu asisikie pumzi ya mwenzake."

Ndivyo nilivyofika kwa fundi wa redio za magari karibu na stendi. Kibanda chake kilikuwa na spika nyingi kuliko matofali. Tulikuwa tumekubaliana na mke wangu kwamba pesa za tairi hazitaguswa, maana tairi za nyuma zilikuwa zimeanza kuwa laini. Nilichokuwa nacho ni kile kilichobaki juu ya hapo. Fundi alinionyesha kwanza woofa kubwa ya kuwekwa kwenye buti.

"Boss, bila bass huo si muziki. Gari itatingishika mpaka Uganda wasikie."

"Nambeba mama mkwe."

Aliirudisha woofa pale ilipotoka. "Hapo sawa," akasema. "Hapo tuongee mengine."

Alinishauri ninunue redio iliyotumika lakini nzima, yenye masafa yote na sehemu ya kuchomeka flashi, kisha nibadilishe spika za milango ya mbele, kwa sababu dereva ndiye msikilizaji. Kwa watu wengi huo ni ushauri mzuri. Redio niliichukua. Kabla ya kununua spika, nilimwomba aiunganishe kwa muda na zile za zamani, nikaenda kukaa nyuma kushoto, nikafunga milango yote. Nilikaa pale nikijaribu kuwa mama mzee. Muziki ulipita, lakini mtu akisema, maneno yalikuwa kama yanatoka ndani ya gunia. Mlango wenyewe ulikuwa unatetemeka na kumeza kila kitu. Nikamwambia fundi za mbele aziache, pesa yote aiweke nyuma.

"Wewe unalipa halafu mwingine anafaidi," akasema akicheka.

Nilichagua spika za kadiri. Kulikuwa na nyingine za bei ya chini zaidi, boksi lake limeandikwa nguvu za kuendesha disko, lakini zilikuwa nyepesi mkononi kama sahani ya plastiki, nikaziogopa. Amplifaya sikununua, maana redio ile ilitosha kuzisukuma. Dukani kwangu kulikuwa na mabaki ya mpira mzito ambao huwa tunawakatia madereva. Nikaleta vipande, fundi akafungua milango ya nyuma na kuvibandika ndani kabla ya kurudisha vifuniko. Nilipokaa tena nyuma na mtangazaji akaanza kusoma habari, nilisikia mpaka alivyokuwa akifungua karatasi. Nikasikia pia kwamba gari limetulia, kama mtu aliyevua viatu.

Wiki iliyofuata nilipita Malaba, nikaikwepa foleni ya malori, nikafika Moding. Mama akapanda. Nikawasha stesheni ya Kiteso, sauti ya chini. Nilisikia fimbo yake ikipigapiga sakafu taratibu wimbo ulipopigwa.

Ilikuwa safari ya pili au ya tatu aliposema. Kiteso kilikuwa kimetupotea bondeni, nikahamia stesheni ya Kiswahili. Mtangazaji alikuwa na mtaalamu wa kilimo, wanaeleza namna ya kupanda wimbi, ile nafaka ya uji.

"Uongo!" sauti ikatoka nyuma.

Nilishtuka nusura niache barabara. Mama hakuwa anazungumza na mimi. Fimbo yake ilichomoza kando yangu, ikielekea kwenye redio.

"Wimbi haipandwi hivyo. Huyo hajawahi kushika jembe."

Nikaitazama redio nami, nikasema, "Bwana mtaalamu, pengine kwenu mvua ni nyingi."

Nikadhani nimeharibu. Kisha nyuma: "Hata kama mvua ni nyingi. Mwambie aje Moding aone."

Basi tukawa tunaongea na redio. Sijui nani kati yetu aliamua, na sidhani tuliamua. Yeye aliwagombeza wanasiasa, mimi nikawatetea kidogo ili aendelee. Yeye alimuuliza mhubiri kama kweli Mungu anahitaji kupigiwa kelele namna ile. Na siku moja, tukiikaribia Adungosi, alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni: "Wewe mtangazaji, mtu akitaka kushuka hapo mbele kidogo, atafanya nini?" Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikashuka nikaenda kukagua tairi, nikazikagua kwa muda mrefu sana. Aliporudi na kufunga mlango, akamwambia mtangazaji, "Eyalama." Ahsante, kwa Kiteso. Mtangazaji alikuwa anatangaza sabuni.

Nilimweleza mke wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini usiku ule nilifikiria jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimemheshimu mama yule miaka yote bila kumjua. Sikujua kwamba ana maneno makali. Sikujua kwamba anapenda nyimbo za kanisa zenye ngoma na hazipendi zile za kinanda. Sikujua kwamba akicheka sauti huzimwa kwa kitambaa na mwisho wa kicheko chake ni mluzi mdogo, jambo ambalo pengine nisingelisikia hata leo kama si vile vipande vya mpira milangoni.

Kisha ikaja asubuhi ya matangazo ya vifo. Stesheni zetu huyasoma kwa utulivu: jina la marehemu, kijiji, walioachwa, siku ya mazishi. Siku hiyo walimsoma mama mmoja wa Sio Port, kule bandarini ziwani. Nyuma yangu fimbo ilianguka. Halafu nikasikia kilio, si cha kupiga kelele, kile cha mtu anayetafuta hewa.

Siruhusiwi kugeuka. Nikanyoosha mkono kupunguza sauti.

"Usizime," akasema. Hakuiambia redio. Aliniambia mimi.

Nikaacha mkono hewani, kisha nikaurudisha kwenye usukani. Tangazo likaisha. Nikaegesha gari pembeni, nikabaki nimetazama mbele, kwenye shamba la mihogo la mtu. Nikamuuliza yeye, si redio.

"Mama, ulikuwa unamjua?"

Akanisimulia. Walipokuwa wasichana walioolewa juzi, yeye alikuwa anashusha wimbi na mihogo mikavu mpaka Sio Port, na mwenzake anampa omena, dagaa wa huko. Mmoja hakujua Kisamia, mwingine hakujua Kiteso. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota barabarani, cha bei na hesabu tu, lakini walikaa pamoja juu ya magunia na kucheka mchana kutwa. Mwenzake alimfungia omena za ziada kila alipopata mtoto. Mke wangu akiwa tumboni alikula omena za Sio Port. Alisimulia hayo yote sauti yake ikielekea dirishani, nami nikisikiliza nikitazama mihogo, na saa ya kliniki ikatupita.

"Unataka twende tukamzike?" nikauliza.

"Kwa mguu huu?"

"Kwa gari hii."

Siku ya mazishi mke wangu aliomba ruhusa kazini. Sio Port si mbali na nyumbani kwetu, kwa hivyo njia naijua hata nikiwa nimelala. Omena zilikuwa zimeanikwa kama kawaida, na mama alipita kando yake polepole kwa fimbo, akiinama mara moja kunusa. Wanawake wa boma lile walimtengea kiti. Mmoja, mzee kuliko wote, alinionyesha kidole akauliza mimi ni nani. Nilikuwa nimesimama mbali, upande wa wanaume, kama inavyopasa, lakini nilimsikia mama akijibu kwa Kiswahili ili wote waelewe.

"Ni mkwe wangu. Ndiye ananipeleka kila mahali. Anaongea kidogo, lakini akiongea ana akili."

Wanawake wakacheka. Mke wangu akanitazama kwa mbali, nyusi juu. Mama akavuta kitambaa chake kikashuka usoni, akanigeuzia mgongo, wakaanza kuimba.