Sungura Aliyetulia Mno

Juzi, nikiwa katika duka la dawa za mifugo hapa Sultan Hamud, mama mmoja alikuja kununua chakula cha sungura akiwa amempakata sungura mchanga wa bintiye.

"Ona vile ananipenda," alimwambia muuzaji. "Nikimwinua tu, anatulia."

Muuzaji alimtazama sungura. Macho yalikuwa yamemtoka, masikio yamelala mgongoni.

"Mama, huyo anaogopa. Anadhani ni mwewe amemshika. Mweke chini, akuje kwako mwenyewe."

Mama alimweka sakafuni, na sungura akatorokea nyuma ya magunia.

Nami nikakumbuka baraza letu la maji. Chifu, askari wakiwa nyuma yake, aliuliza nani ana swali. Tulinyamaza sote, naye akatushukuru kwa vile tunampenda.