Sikio la Darasa la Pili

Watoto walimwita Bibi Sikio, na wazazi wao, ambao wengi walipita mikononi mwake, walimwita hivyo hivyo. Alifundisha darasa la pili karibu maisha yake yote. Mume alimfia mapema, watoto hakujaliwa. Nyumba yake ilitazamana na yangu. Asubuhi nilisikia akifunga kufuli, jioni akilifungua, na baada ya hapo sikusikia mtu akipiga hodi.

Jina alilipata kwa jinsi alivyopima watoto. Alimpa mtoto kitabu, kisha yeye mwenyewe akafumba macho. Alisema jicho humwonea mtoto huruma, sikio halimwonei. Mwisho wa muhula wazazi walikuja shuleni, na ripoti haikuwa karatasi. Ripoti ilikuwa mtoto mwenyewe, amekaa mkabala na mama au baba yake, anasoma, na mwalimu kajikalia pembeni kimya. Mzazi alisikia mwenyewe mwanawe anapojikwaa. Mimi shule sikuiona. Kusoma nilijifundisha ukubwani, kwa magazeti ya kufungia sabuni, na sikuwa na mtu wa kunisikiliza nikijikwaa. Kwa hiyo najua kilichotupwa.

Maana kilitupwa. Ulikuja mtaala mpya, vikaja na vishikwambi. Mtoto anakisomea kile kidude hadithi moja, ile ile kwa darasa zima, nacho kinatoa daraja. Jioni mzazi anaipata ripoti kwenye simu, anaipitishia kidole, anaendelea na mambo yake.

Muhula wake wa mwisho kabla ya kustaafu, binti wa dereva wa lori alipewa daraja la juu kabisa: amevuka matarajio. Bibi Sikio alikuwa amemsikiliza akiisoma hadithi ile ile kitabuni. Msomaji hukata pumzi kidogo anapofunua ukurasa. Sauti ya yule binti ilivuka ukurasa kabla karatasi haijasikika ikifunuliwa. Hakuwa anasoma. Aliwasikia wenzake wakisoma hadithi ile, akaimeza yote.

Siku hiyo nilikuwa nachonga mlango wa darasa, mimi ni seremala, nikamsikia mwalimu wa taaluma akimjibu Bibi Sikio. Kijana mpole, ana haraka.

"Bibi, mfumo umeshafungwa. Daraja halibadiliki mpaka mzazi mwenyewe aombe."

"Nimemwita. Akiomba, nitajitolea muhula mmoja zaidi na huyu binti, naye atasoma. Akipanda darasa la tatu hivi hivi, nani atamsikiliza?"

"Na hivi viti vyote ulivyopanga ni vya nani? Wazazi wameshapata ripoti."

"Vya wenye masikio."

"Haya. Fundi yupo, vikivunjika kwa kujaa watu atavigonga."

Havikujaa. Mchana ulipita, vumbi likakaa kwenye viti. Mwishowe dereva akafika, lori kaliacha likinguruma nje, binti yake kamshika mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Kiti changu ni kile kile?"

"Marahaba, baba. Kaa umsikilize mwanao."

Binti akafungua kitabu, akaanza. Sauti safi, bila kukwama. Katikati Bibi Sikio akaufunika ukurasa kwa kiganja. Binti akaendelea vile vile, mpaka mwisho wa hadithi.

Dereva akapiga goti lake kwa furaha. "Umeona? Hata kuangalia haangalii."

"Baba, hasomi. Amekariri."

"Sasa akili si ndiyo hiyo? Mimi hapa ulinikalisha muhula mzima kwa neno moja. Huyu hakwami."

Bibi Sikio akampa binti kitabu kingine, chepesi kuliko kile. Binti akautazama ukurasa, kisha akamtazama baba yake. Akanyamaza.

"Hicho hawajafundishwa," dereva akasema. "Usimtege mtoto, mwalimu. Simu inasema amevuka, wewe unataka nimrudishe nyuma. Nikawaambie nini watu nyumbani?" Akasimama, akamshika bega bibi kwa upole. "Umetulea wote hapa mtaani. Sasa pumzika, mama."

Wakatoka. Lori likaondoka. Nilimsaidia kupandanisha viti, ingawa hakuniomba.

"Fundi, nilisema vibaya?"

"Ulisema sawa. Mwenzio alikuja kupongezwa."

"Yule baba yake alikwama neno moja," akasema, "lakini alitoka hapa analijua." Basi. Akachukua vitabu vyake, tukaondoka.

Muhula ulipofunguliwa alikuwa ameshastaafu. Kufuli halikulia tena asubuhi. Lakini siku moja nilikuwa shuleni napigilia ubao, nikamwona kavaa vizuri kama siku za kazi, kasimama nje ya dirisha la darasa la tatu. Ndani watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja, kwaya ya sauti nyingi, na kwenye kwaya asiyejua hufuata wenzake. Bibi Sikio alifumba macho. Aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akiitafuta sauti moja.

Mwalimu wa darasa lile, msichana mdogo, akamwona, akaja dirishani.

"Shikamoo, bibi. Unamsubiri mjukuu?"

"Marahaba. Hapana. Nasikiliza tu."

"Pole, vumbi linatuingilia humu," akasema, na kwa heshima zote akafunga dirisha.

Bibi Sikio alibaki pale kidogo, mkono ukutani. Kisha akashika njia ya nyumbani.