Kishikio cha Katikati

Kapteni Aminieli wa Akheri hurusha ndege ya mizigo yenye injini tatu, na hapa kwetu hakuna asiyelijua hilo. Mama yake, Anande, ameshahakikisha. Jumapili ya mavuno mama huyo alileta kanisani mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote. Mwanawe alikuwa ametua salama kwenye ukungu mzito kwa sababu, aliuambia usharika, "aliomba, na Mungu akaishika ndege."

Tukapiga makofi. Aminieli, benchi la mbele, ndani ya sare aliyolazimishwa na mama kuivaa, aliangalia viatu vyake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Ni kweli aliomba. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Ndege ile inapotua kwa kujiendesha, huvisogeza yenyewe vishikio vitatu vya nguvu za injini. Hata hivyo rubani haruhusiwi kuviachia. Mkono hukaa juu yake, uvisikie vikirudi nyuma karibu na ardhi, na kisiporudi kimoja, ukirudishe. Asubuhi ile Aminieli hakuona nje hata taa moja. Akafanya kama alivyolelewa: akafumba macho, akashikanisha mikono yote miwili kifuani. Vishikio viwili vikarudi. Cha katikati kikagoma, injini ya mkiani ikaendelea kusukuma, ndege ikaelea tu huku uwanja unaisha. Aliyekivuta ni rubani msaidizi, Lilian, binti wa Kichaga anayekaa mtaa wa Kwa Mrombo.

Kwenye ripoti Aminieli aliandika kwamba kapteni alikirudisha kwa wakati. Lilian aliisoma, akamtazama, akaenda zake.

Sasa mchungaji akamwita aseme neno la shukrani. Angeweza kusema amina akakaa. Mimi ningekaa.

"Mkono wangu haukuwepo," alisema. "Nilikuwa nimeshikanisha mikono, naomba. Aliyetuokoa ni mwenzangu Lilian, nami nikaandika uongo. Naona aibu, jamani."

Mama Anande alisimama taratibu, uso umemshuka.

"Kushikanisha miwili nilikufundisha mimi," alisema. "Uongo sikukufundisha. Huyo binti umemshukuru?"

"Bado, mama."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

Mkungu ulikuwa unangoja kunadiwa baada ya ibada. Mama aliuendea, akamwomba mzee wa kanisa amsaidie kuunyanyua, wakamtwika kapteni begani.

"Mpelekee leo. Na hiyo karatasi ukaiandike upya."

Aminieli akapita katikati ya mabenchi, mikono yote miwili imeushikilia mkungu, utomvu ukimchuruzikia kwenye shati jeupe. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo nyeupe hata ufue vipi, na mama alilijua hilo alipomtwika.