Waziri Aliyetamani Kaburi la Kisiwani

Nakumbuka siku niliyoapa kuacha kazi, mwanangu, maana ilikuwa Alkhamisi, na Ami Khalfani alinilazimisha nile halua kwanza ndipo nilie.

Nilikuwa kijana, mwanamke peke yangu katika ofisi ya wanasheria hapa Maskati, na kazi yangu ilikuwa kuandika kanuni. Kanuni moja ndogo niliipigania mwaka mzima. Wauza samaki wa pwani ya Sib, wale wanaotandika turubali mchangani, walikuwa wakitozwa ushuru mara mbili: wanapopokea samaki, na tena wanapowauza. Nikauondoa ule wa pili. Kanuni ilipopita, wakubwa wakafanya karamu na kupongezana, na jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Usicheke. Kwa umri ule, jina ndiyo roho.

Ami Khalfani alikuwa ndugu yake baba. Yeye ndiye aliyenileta Oman na kunilea, baada ya wazazi wangu wote wawili kuzikwa Unguja. Alikaa Hamriya, juu ya maduka ya mafundi cherehani, na nyumba yake ilijaa vitabu vya habari za Wareno. Ukimuuliza kwa nini Wareno, hukwambia kuwa mtu aliyekuja kujenga ngome mlangoni pako huna budi umjue.

"Fadhila za punda mateke, Ami," nikamwambia. "Nnaacha kazi."

"Acha," akasema. "Lakini kula kwanza."

Nikala, nikalia. Nilipotulia akanihadithia habari za Mreno mmoja wa zamani, aliyekuwa hakimu kisha akawa waziri. Alitaka watu wawe huru mbele ya sheria, mfalme wake hakutaka, naye akakimbilia ugenini. Aliporudi na wenziwe walipiga kambi katika visiwa vya mbali, na huko akakaa kuandika sheria za nchi ambayo bado hawajaishika. Akafuta zaka iliyomlemea mkulima, akafuta haki za mabwana juu ya mashamba ya watu, akatenga kazi ya hakimu na kazi ya mtawala.

Basi wakamwendea wazee wa kisiwa kimoja, kidogo kuliko vyote. Kila mwaka walimpelekea bwana wao ngano, na wenyewe wakila mkate wa mizizi. Akawapunguzia nusu.

"Wakamfanyia nini?" nikauliza.

"Wakamshukuru. Basi."

Sheria zake zikaja kuigeuza nchi nzima, lakini wenziwe walimchoka, wakagombana, akajiuzulu na kuzeekea pembeni. Katika wosia wake akasema angependa kuzikwa kisiwani kule, kati ya watu waliothubutu kumshukuru akiwa hai.

"Wakamzika huko?"

"Hapana. Yuko bara, kijiji kingine kabisa." Ami akajifuta vidole. "Kesho nenda Sib, kanunue samaki. Usijitaje."

Nikaenda. Nikamkuta mzee mmoja na nguru zake juu ya turubali. Nilipomlipa nikamuuliza, kama mtu wa kupita tu, habari za ushuru.

"Ule wa pili? Umeondolewa."

"Nani kauondoa?"

"Nnajuaje, binti? Mtoto wa watu huko ofisini." Akawanyunyizia samaki wake maji. "Mola awarehemu wazee wake."

Ndivyo wanavyoshukuru watu wa hapa, mwanangu. Ukiwatendea jema hawakusifu wewe, huwaombea waliokuzaa. Nami nikasimama pale na nguru mkononi. Makaburi ya wazazi wangu sikuwa nimeyazuru tangu nitoke Unguja, na mtu asiyenijua kawaombea kwa sababu yangu. Nililia tena, safari hii bila halua.

Jumamosi nikarudi kazini, nikakaa mpaka nywele zikawa hivi unavyoziona.

Sasa nasikia na wewe unataka kuacha. Sheria umeiandika wewe, na picha waliyoitia mtandaoni wamekukata. Sikwambii shukrani haina maana. Yule Mreno aliitamani hata kaburini, wala simlaumu. Wazee walisema tenda wema wende zako. Mimi naongeza: ukenda zako, pitia sokoni, maana karamuni shukrani hutaipata. Na kila ukipita njia iliyonyoshwa na mtu usiyemjua, mwombee wazee wake kabla hujauliza nani kakuombea wako. Kuthubutu kushukuru nako ni kazi, na wanaoifanya ni wachache.

Mola akubarikie kalamu yako, asiitie katika dhulma. Na siku muuza samaki atakapowaombea rehema wazee wako bila kujua jina lako, mimi nitakuwa chini ya mchanga wa Sib, nikiingoja dua hiyo. Usininyime, mwanangu.