Koti la Mzee Kitundu

Nilikwenda Iramba kwa sababu napenda kuogopeshwa. Wengine wana mpira wao. Mimi na majirani zangu wa Morogoro hukusanyika kwangu kila Jumamosi kusimuliana habari za mizimu. Rehema, mmoja wetu, alituambia kwamba kijijini kwa shangazi yake, nje ya Kiomboi, kuna marehemu anayelinda shamba lake mchana kweupe. Marehemu wa mchana sikuwahi kumsikia. Nikafunga begi.

Njiani hakukuwa na cha kutisha kuliko mwendo wa dereva. Tuliposimama Mkiwa nilinunua asali ya kumpelekea shangazi. Singida nikalala, asubuhi nikapanda basi la Kiomboi, na kutoka hapo nikachukua bodaboda.

"Unaenda kwenye lile koti?" kijana wa bodaboda aliuliza. "Mimi naishia shuleni, dada. Huko mbele utatembea."

Shangazi, Mama Eliya, alinipokea kwa ugali wa mtama na mlenda. Tulipomaliza kunawa nikamwomba anisimulie.

"Mzee Kitundu alifariki mwaka juzi," akaanza. "Sasa koti lake linatembea kwenye mtama. Wachungaji walikuwa wanaingiza ng'ombe mle. Siku hizi hata mbuzi hawapitishi."

Alikuwa anacheka, lakini kanga ameivuta mpaka masikioni. Mwili ulinisisimka, nikamwomba arudie.

Asubuhi nilikwenda kwa mjane wa mzee, Bibi Maria. Mtama ulikuwa umeiva na ndege wameuvamia. Uani palikuwa na ndoo za togwa iliyoanza kuchacha. Kule watu huvuniana kwa zamu: mwenye shamba hutengeneza togwa, majirani huja na visu vyao. Bibi Maria alikuwa amewavunia wote. Kwake hakuja hata mmoja.

"Maneno haya niliyaanza mwenyewe," alisema bila kuona haya. "Nilitundika koti la mzee kufukuza ndege, nikawaambia wachungaji kwamba linatembea. Ndege hawakuamini. Watu wakaamini."

"Si uwaambie ukweli, bibi?"

"Nimewaambia. Wanasema marehemu ndiye anayenisemesha."

Nilitaka kucheka, ila mtama ule ndio ulikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Nilimhurumia.

Akaniomba mimi, mgeni nisiye na ukoo pale, nilivae lile koti nipite nalo kijijini, watu waone ni nguo tu. Nilikuwa nimetoka mbali kuutafuta woga, na sasa ulikuwepo wa kutosha. Koti lilinuka vumbi na tumbaku. Kitu kikacheza mfukoni, nikapiga yowe; kumbe mjusi. Hata hivyo nikaenda nalo mpaka kisimani.

Akina mama walitupa ndoo wakakimbia, kisha wakasimama kwa mbali kunitazama. Mama Eliya ndiye aliyerudi kwanza. Alinizunguka, akaushika mkono wa koti kwa ncha za vidole.

"Limechanika hapa," akasema. "Kitundu ninayemjua mimi angeshadai sindano."

Hapo wakaangua kicheko.

Kesho yake walikuja na visu. Togwa mpya haikuwapo, wakanywa ileile kali. Walipokuwa wakikata masuke wakaanza tena kusimuliana habari za koti, wakisogeleana kila zilipofika pa kutisha, na kazi ikaenda mbio. Niliwatazama nikaikumbuka Jumamosi yetu. Hadithi ya kutisha ni tamu ukiwa umebanana na wenzako kwenye mkeka. Bibi Maria alikuwa ameachiwa ya kwake peke yake, na haikuwa na utamu wowote.

Siku ya kuondoka nilipita kumuaga. Nilimkuta pembeni mwa shamba, analitundika koti upya kwenye mti wake.

"Bibi, si mtama umekwisha?"

"Umekwisha. Viazi bado," alijibu, akifunga kifungo cha juu. "Na viazi nachimba mwenyewe."