Riwaya Iliyonyamazisha Makarasha

Nasimulia hili nikiwa nimejifunika uso, maana mpaka leo nikikatiza senta yetu ya machimbo, huku Geita, lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Mwandishi, leo nani kafukiwa?"

Siku moja klabu yetu ya wasomaji iliniomba nipendekeze riwaya mpya za kisayansi (tulikuwa wachache, na baadhi walifuata kivuli tu), na mwenyekiti wa kitongoji akatuazima kipaza sauti chake cha matangazo. Nikaanza na ile ya ziwa linalomkumbuka kila aliyezama ndani yake, nikaja kwenye ya mahindi yanayomtambua mwenye mbegu, watu wanapiga miayo, makarasha ya kusaga mawe yananguruma kunizidi, ndipo nikaona bora niwashtue: ile ya tatu, ya wachimbaji wa mwezini, niipendayo kuliko zote, nisiitambulishe hata jina, nianze tu kusoma.

"Wamefukiwa," nikasoma kwa sauti nzito, taratibu. "Bado wako hai. Wanagonga. Wanatusikia tukitembea juu yao."

Karasha moja likanyamaza. Likafuata la pili. Kisha yote, mpaka nikasikia upepo ukipita kwenye maturubai, na mimi (Mungu anisamehe) nikafumba macho kwa raha, nikajua fasihi imeshinda chuma. Nilipofumbua, viti vilikuwa vitupu.

Kwetu duara, yaani shimo la dhahabu, likiporomoka, makarasha huzimwa, ili watu waisikilize ardhi. Nami nimezaliwa hapa hapa.

Nikawakimbilia, kitabu mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili, nikipayuka kwamba ni hadithi, tena ya mwezini, nani anisikilize. Mama Neema, anayetupikia wali pale senta, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mdomo wa duara la mumewe, sikio ardhini, akigonga bomba la hewa kwa jiwe.

"Mama Neema, nisamehe, ni kitabu tu."

"Nyamaza. Wanajibu."

Tukainama. Kutoka chini kabisa: ko. Kimya. Ko.

Wakashusha kamba, wakamvuta kwanza Baba Neema, wenzake wakifuata, akatokea mzima, shavu limejaa muhogo. "Mbona mmejaa hivi? Nani kafa?" Mkewe akamchapa kwa kanga huku analia, watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti kama mtoto aliyeshika kisu.

"Sasa mbona mlikuwa mnagonga taratibu vile?" Mama Neema akamuuliza mumewe.

"Nani kagonga? Sisi tulikuwa tumekaa tunakula."

Kicheko kikakatika. Siku ile hakuna aliyewasha tena karasha.

Riwaya ile bado naipendekeza, ni nzuri mno. Ila sasa nataja kwanza jina la kitabu, nasema ni ya kubuni, narudia, na ukurasa ule sitausoma tena kwa sauti mahali penye mashimo. Mama Neema kila tukionana huniuliza inaishaje, hao wanaogonga ni akina nani, nami humjibu bado sijafika huko.

Nilishafika. Mle kitabuni wachimbaji wote walitolewa salama, na kugonga kukaendelea.